Mji wa kale ni kanuni kabla ya kuwa kuta

Mwaka 1288 wakuu wa mji wa Bologna, Italia, walitoa amri ambayo mpaka leo inawakinga watu na jua na mvua. Anayejenga nyumba mpya aache baraza yenye paa na nguzo upande wa barabarani, na mwenye nyumba ya zamani isiyokuwa nayo aiongeze. Ardhi ya baraza ilibaki ya mwenye nyumba na matengenezo yalikuwa juu yake, lakini kupita ilikuwa haki ya kila mtu. Leo baraza hizo zote kwa pamoja zinafika kilomita 62, na mwaka 2021 sehemu zake kadhaa ziliingizwa kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO.

Kila mjadala wa kuhifadhi miji ya kale unapozuka, mimi hupenda kuanzia hapo. Baraza za Bologna hazikuchorwa na mtu mmoja. Nguzo za huku ni za mbao, za kule ni za matofali, za kwingine ni za mawe ya kuchongwa. Zimejengwa kwa zaidi ya miaka mia saba na watu wasiojuana, matajiri kwa maskini, kila mmoja kwa uwezo wake na ladha yake. Kilichoziunganisha ni kanuni fupi ambayo fundi na mwenye nyumba waliielewa bila mwanasheria, iliyosema wazi nani anamiliki, nani anakarabati na nani anapita.

Nimesoma habari za miji ya kale, nimeizunguka na kubishana juu yake kwa muda mrefu, na kadiri siku zinavyokwenda ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba tunashika matokeo na kuacha chanzo. Tunaorodhesha majengo, tunayapiga picha, tunayawekea vibao. Kanuni zilizoyazaa tumeziacha zife, na mara nyingi sheria zetu mpya za ujenzi zimezipiga marufuku kabisa. Ndiyo maana mji wa kale unabaki kama kisiwa, na mji mpya unakua pembeni yake bila kujifunza chochote kutoka kwake.

Miji ya Waislamu, kuanzia Fez na Tunis mpaka Lamu, inalionyesha hili vizuri zaidi kuliko mingine ninayoijua. Sheria ya ujirani katika miji hiyo ilisimama juu ya hadithi mbili za Mtume. Moja inasema hakuna kudhuru wala kudhuriana. Ya pili inasema mkihitilafiana juu ya njia, ifanyeni dhiraa saba, yaani mita tatu na kitu, nafasi ya kutosha wanyama wawili wenye mizigo kupishana. Kutokana na hizo makadhi na wakuu wa mafundi walitoa hukumu kesi baada ya kesi. Dirisha lako lisichungulie ua wa jirani. Mlango wako usitazamane na mlango wake. Ukivusha boriti juu ya njia, iwe juu kiasi cha kumpitisha mnyama na mzigo wake. Maji ya paa lako yasimwagikie ukuta wa mwenzio. Hakuna aliyekuwa na ramani ya mji mzima ukutani. Mtaa ulijipanga nyumba kwa nyumba kwa sababu kila aliyejenga alijua mpaka wa haki yake ni wapi.

Pita katika vichochoro vya Lamu saa saba mchana uone kanuni hizo zinafanya kazi gani. Njia ni nyembamba na nyumba za pande zote mbili zina ghorofa, kwa hiyo jua linagusa ardhi kwa kitambo kidogo tu kisha linahama. Kuta za mawe ya matumbawe ni nene, karibu nusu mita, na joto la mchana linachukua saa nyingi kuzipenya. Likifika ndani, jua limekwisha kuchwa. Katikati ya nyumba kuna ua ulio wazi juu, hewa ya moto inapanda kupitia hapo na kuivuta hewa ya kichochoroni iliyoshinda kivulini. Mlangoni kuna baraza ambapo mgeni anakaribishwa bila kuingizwa kwenye faragha ya watu. Hapa na pale unapita chini ya wikio, chumba kilichovushwa juu ya njia kutoka nyumba moja hadi nyingine, mara nyingi nyumba za watu wa ukoo mmoja, na wikio hilo nalo linaongeza kivuli. Punda anapita na mawe ya kujengea, unajibanza ukutani, anakwenda. Ukitoka hapo ukaingia kwenye barabara pana ya lami isiyo na mti, mabega yatakueleza tofauti kabla ya macho.

Ndani ya nyumba hizo vyumba ni virefu na vyembamba, na wageni wengi hudhani ni mtindo tu. Aliyekipima chumba ni mti. Dari ni zito, limejengwa kwa mawe na chokaa juu ya boriti za mikoko zilizopangwa karibu karibu, na boriti ya mkoko inaweza kubeba uzito huo kwa masafa ya mita mbili na nusu hadi tatu hivi. Kupita hapo inapinda. Basi chumba hakikuweza kuwa kipana zaidi ya boriti, na nyumba ikakua kwa kuweka chumba nyuma ya chumba, kila cha nyuma kikiwa cha faragha zaidi kuliko cha mbele. Msitu wa pwani ndio uliotoa kipimo. Kwa hiyo mtu anayezungumzia kuhifadhi nyumba hizi huku mikoko inakatwa ovyo, au huku ukataji wote umezuiwa bila kuacha mgao wa boriti za ukarabati, amezungumzia nusu ya jambo. Mpango wa mji na mpango wa mikoko ulipaswa kuandikwa meza moja.

Nikae kidogo kwenye chokaa, maana hapo ndipo nilipofumbuliwa macho.

Niliwahi kumtazama fundi akikagua ukuta wa nyumba ya kale uliokuwa umepigwa lipu ya saruji miaka ya nyuma. Kwa nje ulikuwa mzuri, umenyooka, umepakwa rangi nyeupe. Akachukua nyundo, akaigeuza, akaanza kugonga kwa mpini huku amesogeza sikio. Pale lipu ilipokuwa imeshika ukutani mlio ulikuwa mzito. Pale ilipoachana na jiwe mlio ulikuwa mtupu. Aliizungushia chaki sehemu yenye mlio mtupu, na alipomaliza duara za chaki zilikuwa zimekula zaidi ya nusu ya ukuta. Kisha akatia patasi pembeni, na kipande kizima cha lipu kikabanduka kwa mara moja. Nyuma yake ukuta ulikuwa umelowa. Jiwe la matumbawe, ambalo lingepaswa kuwa gumu, lilimomonyoka kwenye vidole vyake kuwa unga wenye chumvi.

Sababu yake ni rahisi kueleza na imesababisha hasara kubwa katika miji mingi. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa hunyonya unyevu kutoka ardhini na hewani, kisha huutoa nje kupitia lipu ya chokaa, ambayo ina vinyweleo. Ukiufunika kwa saruji, unyevu unakosa pa kutokea. Unapanda juu zaidi, unafika kwenye vichwa vya boriti vilivyozikwa ukutani, vinaoza. Chumvi inaganda ndani ya jiwe, inatanuka, inalivunja. Saruji nayo ni ngumu kuliko ukuta ulio nyuma yake, kwa hiyo nyumba inapojisogeza kidogo kidogo, kama nyumba zote zinavyofanya, saruji haifuati, inapasuka. Maji ya mvua yanaingia kwenye nyufa na hayatoki. Mwenye nyumba akiona ufa anaita mtu aongeze saruji.

Chokaa inadai subira. Jiwe linachomwa kwenye tanuri, linazimwa kwa maji, kisha chokaa inaachwa ikae muda mrefu kabla ya kutumika. Lipu yake inapigwa tabaka jembamba juu ya jembamba, na kila tabaka linawekewa magunia mabichi lisikauke upesi. Inakuwa ngumu polepole kwa kunyonya tena kutoka hewani sehemu ya hewa ya ukaa iliyotoka wakati wa kuichoma. Hapa niseme ukweli wote: tanuri la kienyeji linakula kuni nyingi, na matumbawe hai ya baharini hayapaswi kuguswa tena. Mawe ya machimbo ya nchi kavu yapo, na matanuri bora yapo. Hilo linarekebishika. Kisichorekebishika kwa urahisi ni mkono wa fundi anayejua kusikiliza ukuta kwa mpini wa nyundo, kwa sababu mkono huo unahitaji miaka ya kufuatana na mkubwa wake kazini, na kama mji haumpi kazi za kutosha atahamia kwenye matofali ya saruji, na hatukosi kumwelewa.

Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883 ufukweni mwa Mji Mkongwe wa Zanzibar, iliporomoka likiwa katikati ya ukarabati, na watu wawili walipoteza maisha. Sehemu nyingine ilikuwa imekwisha anguka mwaka 2012. Mji Mkongwe umo kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na una mamlaka yake ya hifadhi na uendelezaji tangu mwaka 1985. Siandiki haya kumnyooshea mtu kidole. Naandika kwa sababu jumba lile lilikuwa maarufu kuliko yote, kila mtu alilitazama, na bado matengenezo yalichelewa mno. Nyumba ya kawaida ya kichochoroni, isiyo na jina wala mtalii, inategemea nini?

Inategemea kwamba kuna mtu anakaa ndani yake, anaona ufa ukiwa mdogo, ana haki ya kuuziba, ana fedha za kuuziba na anajua wa kumwita. Likikosekana moja kati ya hayo, nyumba inaanza kufa, hata iwe na kibao.

Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani, nami nimewahi kufungua milango mizuri ya mninga na msaji iliyochongwa maua na minyororo, nikakuta nyuma yake hakuna nyumba tena. Kuna ukumbi wa mapokezi wa hoteli, zege tupu, viyoyozi, ua umeezekwa. Mbele pamehifadhiwa kwa sheria, ndani pamefutwa kwa kibali. Hoteli si adui wa mji wa kale, na nyumba nyingi zimeokolewa na fedha za utalii zilipokuwa zinakaribia kuanguka. Lakini mtaa wote ukiwa hoteli, hakuna mtoto anayetumwa dukani, duka la nazi na mafuta ya taa linageuka duka la vinyago, madrasa inakosa wanafunzi, na baraza inabaki kiti cha mgeni anayeondoka Jumapili.

Venice ndiyo onyo kubwa kuliko yote. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mji wake wa kale ulikuwa na wakazi zaidi ya 170,000. Mwaka 2022 walishuka chini ya 50,000. Makanisa yapo, madaraja yapo, mifereji ipo. Ukiwa mkazi na bomba lako likavuja, kumpata fundi ni shughuli, kwa sababu fundi naye alihamia bara kodi ilipomshinda.

Bologna, ile ile ya baraza, ilijaribu njia nyingine, na mimi nadhani ndilo jaribio muhimu kuliko yote ya karne iliyopita katika jambo hili. Mwaka 1973 halmashauri yake ilichukua fedha za makazi ya umma, zilizozoeleka kujengea maghorofa pembezoni mwa mji, ikazipeleka katikati ya mji wa kale kukarabati nyumba za wafanyakazi na wazee waliokuwa wakiishi humo. Wasanifu walipima nyumba za kawaida kwa aina zake, ngazi iko wapi, ua uko wapi, upana wa kiwanja ni upi, wakakarabati kwa kufuata mpangilio huo. Mwenye nyumba aliyepewa msaada wa umma alifungwa kwa mkataba kuhusu kodi. Haikwenda yote kama ilivyopangwa. Wamiliki wengi walipinga na mpango ulipunguzwa. Hata hivyo hoja iliyobaki ni nzito: watu waliomo ni sehemu ya kinachohifadhiwa, na fedha za hifadhi zisitolewe bila sharti la kuwalinda.

Tatizo la kodi lina makali pande mbili. Zanzibar, baada ya Mapinduzi ya 1964, nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilitaifishwa na wenyewe wengi wakaondoka. Familia ziliingia, mara nyingine familia kadhaa katika nyumba iliyojengwa kwa ajili ya moja, na kodi ilikuwa ndogo kiasi kwamba haikuweza kugharamia matengenezo. Miaka ya 1970 na 1980 nyumba nyingi zilianguka. Kodi ndogo isiyo na mfuko wa matengenezo inaua nyumba, na kodi ya soko inamtoa mkazi. Ongeza hapo nyumba za urithi, ambapo warithi ishirini wametawanyika kati ya Muscat, Dar es Salaam na London, kila mmoja ana sehemu yake na hakuna mwenye sauti ya kuagiza hata mfuko mmoja wa chokaa.

Dawa ya zamani ya tatizo hili ilikuwa wakfu. Mtu aliweka nyumba au duka lake wakfu kwa msikiti, kisima au kizazi chake, haliuzwi wala halirithiwi, na mafaqihi waliweka sharti ambalo natamani kila mfuko wa hifadhi wa leo ungeliandika ukurasa wa kwanza: mapato yaanze na matengenezo ya mali yenyewe, ndipo wanufaika wapate kilichobaki. Hebu fikiria majengo ya umma ya leo yangekuwa wapi kama fungu la kwanza la mapato yake lisingeguswa ila kwa kuziba nyufa. Wakfu nyingi zimedhoofika, nyingine zinasimamiwa kwa kodi zilizopitwa na wakati. Kuzifufua kwa hesabu zilizo wazi ni kazi ya mipango miji sawa na kuchora barabara.

Kuna wanaoniambia kwamba ninapamba umaskini. Vichochoro vilikuwa na harufu, wanasema, maji machafu, kipindupindu, moto. Wana haki ya kusema hivyo na sitaki kuwakwepa. Mama mjamzito anayebebwa kwenye kiti kutoka ghorofa ya tatu kwa ngazi ya wima hana muda wa kusikia habari za hewa ya uani. Lakini historia ya miji yenyewe inaonyesha kwamba kanuni zilibadilishwa hatari zilipobadilika, na mpangilio haukulazimika kufutwa. London iliungua mwaka 1666. Sheria ya kuijenga upya ikalazimisha kuta za matofali na mawe, ikapima upana wa mitaa na unene wa kuta kwa kila daraja la nyumba. Michoro mikubwa ya kuupanga mji upya kwa barabara zilizonyooka iliwekwa kando kwa sababu viwanja vilikuwa na wenyewe. Mji ukarudi karibu kwenye mistari yake ya zamani, ukiwa salama zaidi.

Patrick Geddes alilielewa hili kuliko wapangaji wengi wa zama zake. Mskoti huyu aliyesomea biolojia alifika India mwaka 1914, na mwaka uliofuata alikuwa akiandika taarifa za miji ya kusini kama Tanjore na Madura. Wahandisi wa kikoloni walikuwa na dawa moja kwa kila mtaa uliosongamana: piga mstari, bomoa, pitisha barabara pana. Geddes alizunguka kwa miguu, kichochoro kwa kichochoro, akiwa na karatasi yake. Nyumba iliyokwisha kuanguka iondolewe na mahali pake pawe uwanja mdogo wenye mti. Kisima kisafishwe. Njia ipanuliwe pale tu inapoziba. Hesabu yake ilionyesha kwamba gharama inapungua sana na wanaohamishwa ni wachache, ilhali barabara iliyonyooka iliwasukuma maskini kwenda kusongamana mtaa wa jirani, na mwaka wa pili mtaa huo nao ukatangazwa kuwa mchafu.

Cairo ilifanya kitu cha namna hiyo karne moja baadaye. Pembeni mwa mtaa wa Darb al-Ahmar kulikuwa na kilima cha taka na vifusi vya karne nyingi, hekta 30. Mwaka 2005 kilifunguliwa kuwa bustani ya Al-Azhar, kazi ya Wakfu wa Aga Khan, na katika kuchimba ukafukuliwa ukuta wa mji wa zama za Ayubi uliokuwa umezikwa. Kinachonivutia zaidi ni upande wa pili wa ukuta huo: nyumba za mtaa zilikarabatiwa watu wakiwa wangali wakazi wake, vijana wa hapo wakafundishwa useremala na uashi. Bila hilo, bustani nzuri ingepandisha bei ya ardhi na kuwafukuza waliovumilia taka miaka yote.

Sasa niende kwenye mji mpya, maana hapo ndipo vita vyenyewe vilipo. Idadi ya watu wa mijini Afrika inakadiriwa kukaribia kuongezeka maradufu kati ya 2020 na 2050. Hakuna mji wa kale utakaowapokea watu hao. Watakaa kwenye mitaa ambayo bado haijajengwa, na mitaa hiyo itajengwa kwa sheria zilizopo kabatini leo. Zisome. Katika nchi nyingi utakuta nyumba lazima irudi nyuma mita kadhaa kutoka barabarani na mita kadhaa kutoka kwa jirani, kwa hiyo ukuta wa kushirikiana hauruhusiwi na kivuli cha nyumba kwa nyumba hakipatikani. Utakuta kiwanja kidogo kabisa kinachokubalika ni kikubwa kuliko uwezo wa familia nyingi. Utakuta duka haliruhusiwi eneo la makazi, na kila jengo lidaiwe nafasi za magari hata kama wapangaji wake wanakwenda kwa miguu. Kwa sheria hizo mtaa wa Lamu ungekataliwa kibali kuanzia ukurasa wa kwanza wa mchoro, na Bologna ungeambiwa uondoe baraza zake kwenye hifadhi ya barabara.

Sheria hizo nyingi ziliandikwa zama za ukoloni, na baada ya uhuru tuliongeza mapenzi ya mistari iliyonyooka. Ng'ambo ya Zanzibar, upande wa pili wa kijito kilichofukiwa, ilikuwa mitaa ya nyumba za udongo na miti zenye ujia katikati, vyumba pande mbili, ua nyuma na baraza mbele. Huko ndiko walikokaa wengi wa watu wa mji, na huko ndiko taarabu, siasa na mpira vilikochemka. Mpango wa mwaka 1968, uliochorwa na wataalamu wa Ujerumani Mashariki, ulikusudia kuigeuza mitaa hiyo kuwa mji wa maghorofa, na majengo marefu ya Michenzani yakasimama juu ya sehemu ya nyumba hizo. Siyadharau. Yalitoa umeme, maji na vyoo vya ndani kwa watu ambao hawakuwa navyo, na leo yenyewe ni historia inayostahili kutunzwa. Ila kwa muda mrefu urithi ulihesabiwa kuwa mawe ya upande mmoja tu wa kijito, na mtaa wa udongo ukahesabiwa kuwa kiwanja kinachosubiri kubomolewa. Miaka ya karibuni wapangaji wa Zanzibar wenyewe walirudi Ng'ambo na ramani, wakaandika mahali pa baraza, viwanja na kumbi zake kabla ya kuchora kitu kipya. Utaratibu huo ndio ninaoutetea.

Kurudi kwenye udongo na kuba peke yake hakutoshi. Hassan Fathy, msanifu wa Misri, alijenga kijiji cha Gourna Mpya karibu na Luxor kati ya 1945 na 1948, kwa matofali ya udongo, kuba na nyua zilizopozwa kwa hewa, kazi ya kupendeza inayofundishwa mpaka leo. Serikali ilitaka kuwahamishia humo watu waliokuwa wakiishi juu ya makaburi ya kale. Wengi wao walikataa, kwa sababu riziki yao ilikuwa pale pale makaburini. Ukifika na jibu zuri kwa swali ambalo wenyewe hawakuliuliza, nyumba zitabaki tupu.

Hesabu ya hewa nayo iko upande wetu. Majengo na ujenzi kwa pamoja vinachangia zaidi ya theluthi ya hewa ukaa inayotokana na nishati na viwanda duniani, na saruji peke yake inakaribia asilimia 7 hadi 8 ya hewa ukaa yote tunayoitoa. Nyumba ya kale inayokarabatiwa imekwisha lipa deni hilo zamani. Ukiibomoa unatupa kazi iliyokwisha kufanyika na kuanza kuchoma upya. Na mtaa mpya uliojengwa kwa kugusana, ghorofa mbili au tatu, duka chini na makazi juu, unahifadhi watu wengi kwenye ardhi ndogo bila lifti wala pampu, na unampunguzia mtu safari ya gari kwenda kununua chumvi.

Ningekuwa na neno kwenye halmashauri ya mji unaokua, nisingeanza na orodha ya majengo. Ningewatuma vijana watatu wa mipango miji na fundi mmoja mkongwe kwenye mtaa wa kale ulio karibu zaidi, na futi kamba, wapime upana wa njia, kimo cha kuta, urefu wa baraza, kivuli cha saa sita na cha saa tisa, milango inavyopishana, maji ya mvua yanakopita. Wawaulize wanawake wanaoshinda humo kipi kinawatesa. Warudi na kanuni zisizozidi kurasa mbili, katika Kiswahili ambacho fundi atakisoma mwenyewe. Kisha halmashauri ichague eneo moja la viwanja vipya, iruhusu humo ukuta wa kushirikiana, ruhusa ya duka, baraza ya lazima upande wa njia, ifute sharti la maegesho kwa kila nyumba, iache njia moja kila baada ya nyumba kadhaa ya gari la zimamoto na la wagonjwa, na ipitishe bomba la maji taka kabla ya mtu wa kwanza kuweka msingi. Fundi yule mkongwe awe mwalimu wa kulipwa, si mgeni rasmi wa warsha, na kila kibali cha kukarabati nyumba ya kale kitolewe kwa sharti la kuchukua mwanagenzi.

Kifungu cha maegesho ndicho ningekifuta kwanza. Hakihitaji mfadhili, hakihitaji mkandarasi, ni mstari mmoja kwenye kanuni, na kikao kimoja cha madiwani kinatosha.